Majani ya Ng'ombe Asiyekuwapo

Nilikuwa nikisifiwa kwa kungoja. Naanzia hapo kwa sababu sifa hiyo ndiyo iliyoniharibu, na sipendi mtu anionee huruma kabla hajajua nilikuwa mtu wa namna gani.

Nilipoolewa, juu ya Tengeru, mama mkwe wangu alinikabidhi kazi ya pombe ya ndizi kabla sijamaliza miezi miwili kwake. Pombe ile ni kazi ya mtu mtulivu. Unavundika ndizi mpaka ziive, unazichemsha, unazifunika na kuziacha siku zake, ndipo unatia uji wa ulezi ulioota. Wanawake wa jirani hawakuweza kuiacha. Walifunua, wakachovya kidole, wakafunika, kesho wakafunua tena, na pombe yao ikachacha kabla ya kunyweka. Mimi sikufunua. Niliupita mtungi kama siuoni. Mama mkwe akawaambia watu, "Huyu mtoto anajua kungoja," nami nikalichukua neno hilo kama mtu anavyochukua shamba alilopewa. Nikaamini kwamba nikingoja, nitapata. Ndizi zilinionyesha hivyo, na ulezi, na mahindi. Sikujua kwamba kuna vitu visivyokuahidi chochote.

Ilikuwa enzi za Wajerumani. Boma la Arusha lilikuwa limekwisha kusimama, na watu wetu walikuwa wamekwisha kubeba mawe yake. Habari za boma sitazieleza, wapo wanaozijua kuliko mimi. Kwangu mimi Wajerumani walikuwa kipande cha mume wangu. Alipewa kipande cha kazi, kadi ya kuhesabia siku, akaenda shamba la Mzungu mmoja huko chini tambarare, na alikaa hukohuko mpaka kipande kijae ndipo aachiwe arudi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na mama mkwe, na mama mkwe macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia.

Sasa niseme habari za dada yangu. Alikuwa mkubwa kwangu, ndiye aliyenibeba mgongoni. Mumewe alikufa kwa homa, na hawakuwa wamepata mtoto. Desturi ilitaka achukuliwe na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Dada hakumtaka. Hakusema ni mbaya, alisema tu, "Mtu yule akinikaribia nasikia baridi." Alirudi kwa mama yetu, upande wa pili wa korongo, na wazee wa ukweni wakaja kudai. Baba alikuwa bado hai. Wakazungumza siku mbili, wakakubaliana hivi: dada akiwapa ng'ombe jike mmoja pamoja na ndama wake, mahari yatahesabiwa yamerudi, naye atakuwa huru akae atakapo.

Baba alikuwa na mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Alimpa dada mbele ya wazee wale. Mtamba alikuwa na mimba changa. Kilichobaki kilikuwa kungoja azae. Na kwa kuwa kwa mama hapakuwa na nafasi wala mtu wa kukata majani, dada alimleta mtamba wake kwangu.

Kwetu wakati ule ng'ombe hakuzurura. Migomba ilibanana mno. Ng'ombe aliishi ndani ya nyumba pamoja nasi, upande wake, gizani, amefungwa kwenye nguzo, akiletewa majani na vigogo vya migomba. Mtu aliweza kupita mlangoni kwako mwaka mzima asijue una ng'ombe wangapi, ila kwa kuona mzigo wa majani kichwani mwako. Tena ilikuwa kawaida mtu kumweka ng'ombe wake kwa mwenzake. Anayetunza hupata samadi na maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe wa kuwekwa humuuzi, humchinji, humtoi nje bila mwenyewe kujua. Hakuna aliyenifundisha hilo, kama ambavyo sikufundishwa kwamba moto unaunguza.

Dada aliponikabidhi kamba aliniambia, "Nakupa wewe kwa sababu wewe hufunui mtungi."

Nilikuwa nikipeleka pombe Arusha kila siku ya soko. Nilitoka alfajiri na vibuyu, nikavuka mto Nduruma, nikavuka mto Themi, nikakaa sokoni karibu na boma. Pombe iliisha mapema. Taabu ilikuwa vibuyu. Wanywaji walikaa navyo, wananyonya polepole, wanapiga soga, nami sikuweza kuondoka bila vibuyu vyangu. Basi nilikaa nikingoja. Na mahali walipokaa wanywaji ndipo palipochezwa kete.

Mwenye kete alikuwa mtu mzima aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara, mpaka goti lake likakataa. Sasa aliuza sindano na shanga juu ya kipande cha ngozi, na kando yake alitandika jamvi la mchezo. Kete zilikuwa nne, zile simbi nyeupe za pwani, migongo imesagwa ili zilale vizuri. Unazitikisa mkononi, unarusha. Zikifungua mdomo juu kwa jozi, mbili au nne, au zikilala zote, mrushaji anakula, anachukua kilichowekwa. Ikifungua moja au tatu, mrushaji analiwa. Basi, mchezo wote ndio huo.

Nataka niseme hili mapema: hakuwa mwizi. Nimeishi na hamu ya kumwita mwizi miaka mingi, na siwezi. Kete zile mtu yeyote alizishika, alizirusha, alizigeuza. Hazikuwa na hila.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kiarusha aliyeuza magadi, amenizidi umri, masikio yake yamejaa shanga hadi mabegani. Tulizungumza kwa Kiswahili cha sokoni, chake kibovu na changu kibovu zaidi. Alinitazama nikitazama kete, akasema, "Wewe unaziangalia kama mama mkwe anayemwangalia mkaza mwana akipika."

"Najifunza," nikamjibu.

"Unajifunza nini? Zinaanguka tu."

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kufunga mafundo. Nilichukua kamba ya ganda la mgomba, na kila mrushaji alipoliwa nikafunga fundo; alipokula nikaacha nafasi. Nikafanya hivyo siku ya soko moja, mbili, hata tano. Sikuweka kitu. Nilingoja. Na kutoka kwenye kamba ile nikaona, au nilidhani nimeona, kwamba mafundo hayazidi matano yakiwa mfululizo. Baada ya matano huja nafasi. Nikajiambia kwamba hawa wanaume wanaliwa kwa sababu wanarusha ovyo, wana haraka, wanafunua mtungi kabla ya siku. Mtu mwenye kungoja atarusha wakati kete zimeiva.

Siku moja mafundo yakafika matano. Nikasema, "Bwana, nami nirushe."

Wakacheka. Mwenye kete hakucheka sana. "Mama wa vibuyu anataka kurusha. Haya, weka."

Nikavua bangili ya waya wa shaba. Nikarusha. Mbili zilifungua. Nikala. Akanipa kipande cha chumvi na uzi wa shanga, nami nikaondoka palepale na vibuyu vyangu kama mtu aliyeitwa nyumbani. Siku ya soko iliyofuata nikangoja tangu asubuhi hadi jua kuinama, yakafika matano, nikarusha, nikala. Nikapata kaniki. Mara ya tatu pia. Yule mama wa magadi akanisogelea, akanong'ona, "Niambie dawa yako."

"Subira," nikasema. Naona haya kuandika neno hilo.

Halafu nikaliwa. Ile bangili ikaenda. Nikatembea hadi nyumbani nikichunguza kosa langu, nikalipata: matano hayatoshi, ningengoja sita. Siku iliyofuata nikangoja sita, nikaliwa, kaniki ikaenda. Nikachunguza tena, nikaona niliiacha kamba chini nikaenda kunywa maji, labda kuna fundo moja nililipoteza. Siku nyingine nikaliwa mara mbili, nikaondoka kwa hasira, na njiani nikajiambia kosa lilikuwa kuondoka, maana kete zilikuwa karibu kuiva nami nikazigeuzia mgongo.

Hilo linaniudhi mpaka leo kuliko mengine yote. Husemwa kwamba mcheza kamari hajifunzi kwa makosa yake. Uongo. Mimi nilijifunza kila siku ya soko. Sikurudia kosa lilelile hata mara moja. Na kila nilichojifunza kilinirudisha kwenye jamvi nikiwa na kitu kikubwa zaidi mkononi. Wajukuu zangu wanaocheza karata za pesa huko mjini wananiambia, "Bibi, tumekwisha kujua tulipokosea." Nawaambia, mimi pia nilijua.

Mwenye kete aliona kamba yangu siku moja akaomba aishike. Akaipitisha vidoleni, fundo kwa fundo.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni kete zako. Nazihesabu mpaka ziive."

Akanirudishia taratibu. "Kete haziivi," akasema. "Hazikumbuki ulichorusha jana. Hazikumbuki hata ulichorusha sasa hivi."

Nilidhani ananificha siri ya biashara yake.

Mume wangu alikuwa na mbuzi wawili, mama na binti. Niliwapeleka wote wawili. Wa kwanza nilimpeleka ili nirudishe kaniki na bangili, wa pili ili nimrudishe wa kwanza. Wote wakaliwa jamvini. Na jioni ileile niliporudi nikakuta salamu kutoka shambani: kipande cha mume wangu kimebakiza siku chache, anarudi.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa. Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Lakini angeuliza mbuzi wako wapi, na ningelazimika kusema mbele ya mama mkwe, yule aliyenisifu kwa watu wote. Nilimwogopa mama mkwe huyo na nikaiogopa aibu. Usiku ule nilifikiri juu ya mbuzi tu. Mtamba wa dada alikuwa anatafuna gizani, hatua tatu kutoka nilipolala, na tumbo lake lilikuwa limeshuka. Ulikuwa umebaki mwezi na kitu azae.

Asubuhi nilimfungua.

Alikuwa hajawahi kutembea mbali. Ng'ombe aliyelelewa gizani ukimtoa juani anasimama, anafumba macho, miguu inatetemeka. Nilimvuta polepole kati ya migomba. Walionikuta njiani waliuliza, nikawaambia hataki kula vizuri, nampeleka kwa mtu wa Nduruma anayejua ng'ombe wenye mimba. Wakanipa pole. Mzee mmoja alikata jani la mgomba akampa, mtamba akala. Kwenye Themi alikataa maji kabisa. Aliyanusa, akarudi nyuma, na wanaume wawili waliokuwa wakioga wakatoka kunisaidia kumsukuma. Nikawashukuru.

Mwenye kete alipomwona aliweka chini sindano zake.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

Mama wa magadi akasema, "Mwanamke wa kule juu ana ng'ombe wake? Tangu lini?"

"Tangu baba aliponipa," nikasema. Maneno yalikuwa ya dada, mdomo ulikuwa wangu.

"Unataka nini?" mwenye kete akauliza.

"Mbuzi wangu wote wawili, na kaniki, na bangili. Na kile kitambaa chekundu ulichovaa begani. Nami naweka huyu."

Alimzunguka mtamba akichechemea, akamgusa tumbo, akarudi kukaa. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia masikioni kila mwaka tangu siku ile.

"Mama, rudi na ng'ombe wako. Niletee pombe, vibuyu viwili kila siku ya soko, mpaka masika yaishe. Masika yakiisha, uchukue mbuzi wako. Kitambaa sitakupa, lakini mbuzi utawapata."

"Mpaka masika yaishe?"

"Si wewe unayejua kungoja?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi nilihesabu siku za mume wangu, si za masika. Nikaona mpaka masika yaishe nitakuwa nimeulizwa mara mia mbuzi wako wapi. Nilikuwa nimengoja ndizi, nimengoja ulezi, nimengoja vibuyu na mafundo, na siku hiyo moja ambayo kungoja kulikuwa kumewekwa mbele yangu kama chakula kwenye chungu, na bei yake pombe tu, nilishindwa.

"Acha turushe," nikasema.

"Basi utarusha wewe. Sitaki kesho useme ni mkono wangu."

Kwanza nikataka tuone wengine. Wakarusha wanywaji, kwa vitu vidogo vidogo, ugoro, sindano. Nikafunga mafundo. Yakafika matano, yakafika sita. Mikono yangu ikaanza kutoka jasho kwa furaha. Yakafika saba. Sikuwahi kuona saba. Nilijua, nawaambia, nilijua kama ninavyojua jina langu, kwamba ya nane haiwezi kuwa fundo.

Nikazichukua. Zilikuwa za moto kwa mikono ya watu. Nikarusha.

Tatu zilifungua. Ya nne ilibiringika mpaka ukingoni mwa jamvi, ikasimama upande kama inafikiri, ikalala.

Hakuna aliyecheka. Mama wa magadi alifunika magadi yake, akageuka upande mwingine akajifanya anamtafuta mtu.

"Turudie," nikasema.

"Kwa kitu gani?"

Nilijitazama. Nilikuwa na nguo niliyovaa na vibuyu.

Mwenye kete akaamka, akaenda nyuma ya kibanda cha jirani, akarudi na wale mbuzi wawili wa mume wangu. Akanitia kamba mkononi. "Chukua. Nenda. Usirudi hapa kukaa na mimi. Pombe yako nitanunua, lakini jamvini usikae."

Nikawachukua. Natamani ningeweza kuandika kwamba niliwakataa. Nikawachukua nikaenda zangu, na mtamba alibaki amesimama juani amefumba macho.

Siku ya tatu yake niliamka kabla ya jua nikashuka nikiwa nimeamua kupiga magoti. Nilimkuta anauza sindano. Aliniambia ng'ombe ameondoka na wafanyabiashara, wameshika njia ya Moshi jana asubuhi, na hakujua wanakwenda wapi baada ya hapo. "Ulisema ni wako," akasema.

Mume wangu akarudi, akawakuta mbuzi wake wawili, akafurahi. Alipouliza ng'ombe wa shemeji yake nilimwambia, kama nilivyokwisha kumwambia mama mkwe, kwamba dada amemchukua, ana mahali pengine. Akaamini. Kwa nini asiamini?

Lakini majirani walikuwa wamezoea kuniona na mzigo wa majani, na dada alikuwa akipata habari kutoka kwao. Kwa hiyo niliendelea kukata majani. Mume wangu alipotoka asubuhi nilikwenda korongoni na mundu, nikakata, nikafunga, nikajitwika, nikapita kwenye njia ya watu. Niliposalimiwa, "Unampelekea ng'ombe mzazi?" niliitikia, "Nampelekea." Majani niliyatupa nyuma kwenye migomba. Yakarundikana, yakapata moto ndani, yakaanza kutoa mvuke asubuhi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Ng'ombe halisi anakula ukapumzika. Huyu hakushiba.

Dada alikuja mara ya kwanza mume wangu akiwa shambani. Alikuwa na kifungu cha majani laini ya mtoni, yale ng'ombe wenye mimba wanayoyapenda. Nilimkuta amefika mlangoni.

"Hajambo?"

"Hajambo. Amelala. Usiingie, ana wasiwasi siku hizi akisikia watu."

"Ni kawaida," akasema. "Wakikaribia huwa hivyo. Mpe haya." Akanipa majani. Alikuwa na uso mzuri siku ile. Amesuka kamba mpya ya kufungia ndama, akanionyesha. "Niifanye fupi zaidi?"

"Inatosha," nikasema.

Alipoondoka nilikaa chini na majani yale mapajani. Hayo sikuyatupa. Nilishindwa. Yalikauka ndani ya nyumba.

Mara ya pili hakubisha. Nilikuwa natoka kisimani nikamkuta ndani, upande wa ng'ombe, ameinama gizani anapapasa. Alikuwa ameshika nguzo. Kisha akapapasa chini, akaokota kitu, akakivunja vidoleni.

"Mavi yamekauka," akasema.

Nikatua mtungi.

"Amekufa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limekaa ulimini. Lakini angeuliza ngozi, angeuliza nyama, angeuliza nani alimzika ndama.

"Nimemcheza," nikasema. "Kete. Arusha. Nimeliwa."

Hakuelewa. Ilibidi nimweleze mchezo wenyewe, nikiwa nimesimama hapohapo, kete nne, jozi, moja na tatu. Nikamweleza mafundo. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza njia ya kwenda mahali.

"Na ulikuwa unataka nini kutoka kwa mtu huyo?"

"Mbuzi wa mume wangu."

"Mbuzi wawili."

"Ndiyo."

"Wako nje pale. Nimewaona."

"Alinirudishia."

Dada akacheka, kicheko kifupi, hakikuwa cha matusi. "Mdogo wangu," akasema, "ungekuja kwangu. Ningekwenda na wewe kwa mumeo. Ningemwambia mbuzi nimewapoteza mimi."

Nalia ninapoandika hapa, nami si mtu wa kulia. Hilo ni kweli. Angefanya hivyo. Halikunijia akilini hata mara moja katika siku zote zile za kuwaza.

Wazee wa ukweni kwa dada walikuja kwa baba mwezi wa mtamba kuzaa ulipotimia. Baba alikuwa mgonjwa, akaketishwa kwenye ngozi. Sisi wanawake tulikuwa pembeni tunamenya ndizi. Mzee wao akauliza, "Ng'ombe na ndama wake wako wapi?"

Nilikuwa na kisu mkononi. Nilijua hapo ndipo pa kusimama. Hakuna aliyenikataza. Dada alinitazama mara moja, si kwa kuniomba wala kwa kunitisha; alinitazama kuona nitafanya nini. Nikainamia ndizi.

"Sina ng'ombe," dada akasema.

Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Yule niliyekupa?"

"Sina, baba."

Baba aligeuza uso ukutani, na mpaka anakufa, miezi michache baadaye, aliamini binti yake mkubwa alimpoteza ng'ombe aliyempa, kwa uzembe au kwa jambo baya zaidi. Dada akachukuliwa siku ya tatu. Alijitwika vitu vyake mwenyewe. Ile kamba ya ndama aliiacha kwa mama.

Sikurudi jamvini tena. Watu wangependa niseme niliacha kwa sababu nilijifunza. Niliacha kwa sababu sikuwa na kitu cha dada kilichobaki.

Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, wakaja wengine. Nilipika pombe. Nilinunua mbuzi, mbuzi wakazaa, nikabadilisha nikapata ndama dume, nikambadilisha tena na kuongeza. Sikumwambia mume wangu sababu mpaka siku aliponiuliza mara tatu, nikamwambia yote. Siku ya tatu akaanza kunisaidia kukata majani. Ilichukua miaka mingi kuliko nilivyodhani. Mwishowe nikawa na mtamba, mweusi huyu, mwenye mimba, kama wa kwanza. Nikamfunga kamba nikampeleka kwa dada.

Alikuwa anapepeta ulezi uani. Alikuwa amezaa watatu kwa yule mtu. Mumewe hakuwepo. Dada aliona ng'ombe, akaniona mimi, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Ni wako," nikasema. "Ana mimba ya miezi mitano."

Akaweka ungo chini. Akaja akampapasa mtamba shingoni, tumboni, akamwangalia meno. Alimpenda, niliona. Kisha akafuta mikono kwenye nguo.

"Nikimpokea hapa atakuwa wa nani?" akauliza.

Nikamtazama mtamba.

"Jioni atakaporudi ataona ng'ombe uani kwake. Atasema shemeji ameleta ng'ombe. Atamfunga pamoja na wake. Kesho kutwa ndama atamtolea mwanawe mahari." Alisema bila hasira, kama anavyosema mtu bei ya chumvi. "Yule alikuwa ng'ombe wa kutokea, mdogo wangu. Sasa nitokee niende wapi, na watoto hawa?"

"Basi nifanye nini naye?"

"Mrudishe. Mtunze kwako. Mimi sitakuja kumwona, usiningoje."

Akaniletea maji ya kunywa kwenye kata, nikanywa nimesimama. Hakuniambia keti. Nikageuza ng'ombe.

Nilirudi kwa njia kubwa, mchana, watu wakitoka sokoni. Mwanamke mmoja ninayefahamiana naye akanisimamisha akasifu rangi ya mtamba, akauliza nimempata wapi na ni wa nani.

"Ni wa dada yangu," nikasema.

"Yule aliyempoteza wa baba yenu?"

"Hakumpoteza. Nilimpoteza mimi." Akaniangalia, kisha wenzake wakasogea, na nikaanza kuwaeleza, hapo barabarani, kamba ikiwa mkononi, tangu mwanzo.